Kilo moja ya zinki kwa gunia: kisa cha mabanda mawili Msabaha

Mwito tulioupata ulikuwa wa kideri, ugonjwa wa kirusi wa kuku. Mwenye kuku ni mwalimu mstaafu wa Msabaha, kwenye barabara ya Malindi kwenda Gede, na majirani walikuwa wameshamshauri auze kundi zima kabla halijamfia mikononi. Kuku wa banda moja walikuwa wameacha kula, wameacha kutaga ndani ya wiki moja, na manyoya yanawadondoka. Kwa mtu aliyewahi kufukia kuku wa kideri, dalili hizo zinatosha kumkosesha usingizi.

Lakini kideri kinaua, na hapa hakuna kuku aliyekufa. Hapakuwa na kuharisha kijani, hapakuwa na shingo iliyopinda wala kuku anayekoroma. Na kubwa zaidi, mabanda ni mawili, yametenganishwa kwa wavu tu, na yanahudumiwa na kijana yuleyule kwa viatu vilevile. La mbele sakafu ilikuwa imejaa manyoya na viota vitupu. La nyuma kuku walikuwa wamevaa manyoya yao na wanataga, japo kwa kusuasua. Kirusi hakina adabu ya kuishia kwenye wavu. Tatizo likichagua banda, mara nyingi limeingia kwa mkono wa mlishaji. Basi tukaacha kuku, tukaanza kuuliza habari za magunia.

Kundi lilikuwa la kuku wa mayai wa kahawia, mia mbili hivi kila banda, wenye umri wa wiki 58 matatizo yalipoanza. Mayai huenda kwenye hoteli za Malindi na Watamu, yanayobaki huishia madukani. Hoteli zina jicho kali: yai lenye ufa halipokelewi, na trei moja ikivuja ute, zilizo chini yake zinarudi nayo. Januari mayai yakaanza kurudi. Maganda yalikuwa membamba, mengine yana vipele kama mchanga, machache hayana ganda kabisa, utando mtupu.

Mtu anayeaminika kwa mambo ya mifugo alimwambia Mwalimu kwamba kuku wa umri ule hunenepa, na kuku mnene hutaga vibaya, kwa hiyo awapunguzie chakula. Si ushauri wa kipuuzi. Kuku wa kahawia kweli hukusanya mafuta uzeeni, na bei ya gunia nayo iliusaidia ushauri huo kukubalika haraka. Kutoka gramu 115 kwa kuku kwa siku wakashuka hadi 90, mabanda yote mawili, wakipima kwa kopo. Mayai yakapungua zaidi, na maganda yakazidi ubovu.

Hapo ndipo mwana wa Mwalimu alipoingia. Ni kijana msomaji, na alichokisoma kwenye simu kilikuwa sahihi: kuku anahitaji zinki ili atengeneze ganda zuri. Alinunua unga mweupe wa zinki oksaidi akauchanganya kwenye chakula cha banda la mbele peke yake, la nyuma libaki la kulinganishia. Kwa hilo nampa heshima yake. Wafugaji wengi hujaribu kitu kwa kundi lote, kisha hawajui kilichosaidia wala kilichoharibu. Kosa lilikuwa kwenye kipimo. Alipima kama alivyozoea kuongeza chokaa ya kuku: kilo moja kwa gunia la kilo 70.

Siku iliyofuata chakula kilibaki kwenye vihori. Kabla wiki haijaisha banda la mbele lilikuwa limefunga kutaga, na Ramadhani iko mlangoni, wakati ambapo mji mzima unatafuta mayai.

Hesabu ya gunia

Zinki oksaidi safi ni zinki kwa asilimia 80 hivi. Kilo moja ina gramu 800 za zinki, na ukizigawa kwa kilo 70 za chakula unapata zaidi ya miligramu 11,000 kwa kila kilo. Linganisha na anachohitaji kuku. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika majedwali yake ya 1994, linataja miligramu 35 kwa kilo kwa kuku wa mayai meupe anayekula gramu 100 kwa siku. Watengenezaji wa chakula huweka zaidi, kati ya 60 na 100, ili wawe na nafasi ya usalama. Tuchukue 80. Gunia la kilo 70 litataka gramu 5.6 za zinki, ambazo ni gramu 7 za unga ule. Kijana aliweka gramu 1,000, zaidi ya mara 140 ya kiasi hicho, na chakula chenyewe cha dukani kilikuwa tayari na zinki ndani ya premiksi yake, yaani mchanganyiko wa madini na vitamini.

Sasa, kiwango cha miligramu 10,000 hadi 20,000 kwa kilo si kigeni kwa wanaosoma habari za kuku. Tangu miaka ya 1970 watafiti wa Marekani wamekijaribu kwa makusudi, kumfanya kuku aliyechoka aache kutaga, anyonyoke manyoya, apumzike, kisha aanze upya. Kilichotokea Msabaha ndicho hicho, isipokuwa hakuna aliyekusudia.

Na namna kinavyofanya kazi ndiyo inayofunga kisa chote pamoja. Chakula chenye zinki nyingi kiasi kile humchukiza kuku, akadonoa kidogo na kuondoka. Upo pia ushahidi wa maabara kwamba zinki iliyozidi huzuia chembe zinazozunguka kiini cha yai ndani ya ovari zisitengeneze projesteroni, homoni inayochochea yai litoke kwenye ovari. Lakini sehemu kubwa ya kazi inafanywa na njaa. Banda la nyuma lilinyimwa chakula na kopo la Mwalimu. La mbele lilijinyima lenyewe. Kijana alidhani amejaribu zinki dhidi ya kutokuwa na zinki, kumbe alikuwa analinganisha njaa kubwa na njaa ndogo.

Kama walikuwa wanene kweli

"Mwalimu, kuku hawa mmewahi kuwapima uzito?"

"Kuwapima vipi, mwanangu? Si unawaona walivyo."

Kuku wa kahawia mwenye manyoya kamili hudanganya macho. Tulipima 20 wa banda la nyuma kwa mizani ya kuning'iniza, tukiwakamata kutoka kila pembe, kwa sababu wanaokimbilia mlangoni ndio wababe na ndio walioshiba. Wastani ulikuwa kilo 1.7. Kuku wa aina ile kwa umri ule hutarajiwa kukaribia kilo 2. Hawakuwa wanene. Kilichonisumbua zaidi ya wastani ni tofauti: kuku wa kilo 2 na kuku wa kilo 1.4 wanalala kwenye fito moja. Ukimpapasa yule mdogo kifuani, mfupa wa kidari umechomoza kama hana nyama juu yake.

Tofauti ile ni tabia ya chakula kinachopunguzwa bila kuongeza nafasi ya kulia. Kuku wakiwa na chakula cha kutosha, mnyonge hungoja zamu yake. Kikipungua, kihori kinakuwa kitupu kabla zamu haijafika. Kila kuku anataka angalau sentimita 10 za ukingo wa kihori ili wote wale kwa pamoja, na hapa walikuwa na nusu ya hizo. Kwa hiyo ile gramu 90 ilikuwa ya kwenye daftari. Wababe waliendelea na gramu zao 110, wanyonge wakaambulia 60 au 70, na wakaanza kudonoana na kula mayai.

Halafu kuna jambo ambalo watu wanaopunguza chakula hulisahau karibu kila mara: ukipunguza chakula umepunguza kila kilichomo. Chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu ya asilimia 3.8 hivi. Kwa gramu 115 kuku anapata kalsiamu gramu 4.4, kwa gramu 90 anapata 3.4. Ganda la yai moja limebeba kalsiamu ya gramu 2.2 hivi, na utumbo wa kuku mkubwa hunyonya takriban nusu ya anachokula. Fanya hesabu mwenyewe. Pengo analijazia kwa kuchota kwenye mifupa yake, na akichota kila usiku, ganda linakuwa jembamba na miguu inalegea. Zinki nayo imepungua kwa kiwango kilekile, protini pia, vitamini pia. Mtu anayekata robo ya chakula kisha akaongeza zinki peke yake ameziba tundu moja kwenye jahazi lenye matundu kumi.

Siipingi kabisa habari ya kupunguza chakula. Wanaofuga kuku wazazi wa kuku wa nyama hawawezi kufanya kazi bila hiyo, na kuku wa mayai aliyepimwa akaonekana amezidi uzito anaweza kupunguziwa asilimia 5 au 7, mizani ikiwa jirani kila wiki. Kukata robo nzima kwa kutazama kwa macho, katika kaskazi, kwa kuku ambao ndio kwanza wana shida ya ganda, hilo siliiti kupunguza.

Maji

Bado hatujaeleza kwa nini maganda yaliharibika Januari, kabla ya kopo na kabla ya zinki. Joto lina sehemu yake. Kuku hana jasho. Akisikia joto huhema, na kwa kuhema hupoteza kaboni dayoksaidi nyingi, damu ikaegemea upande wa alkali na bikaboneti, ile inayotoa kaboneti ya ganda, ikapungua. Ganda ni kalsiamu kaboneti kwa asilimia 94 au 95, kwa hiyo bikaboneti ikipungua, kiwanda kimekosa malighafi. Tena kuku wa joto hula kidogo kwa hiari yake.

Lakini Desemba nayo ilikuwa na joto na mayai hayakurudi. Kilichobadilika hasa kilikuwa maji. Mpaka Desemba kuku walikunywa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa la mabati. Vuli ilipokwisha tangi likakauka, wakahamia kisimani, na kisima chao kina chumvi, kama visima vingi vya ukanda huu wa pwani. Watu wa nyumbani hununua maji ya mitungi kutoka kwa wauzaji, yale ya mfereji yanayotoka Baricho kando ya mto Sabaki. Ya kisimani ni ya kuoshea tu. Kwa hiyo hakuna aliyeyaonja. Nilipoyaonja niliyatema.

Watafiti wa Australia walilifuatilia jambo hili kwa miaka katika muongo wa 1980 na mwanzoni mwa 1990. Waligundua kwamba chumvi kwenye maji ya kunywa, hata kwa kiasi ambacho hakimdhuru kuku kwa namna nyingine, huongeza mayai yenye maganda mabovu. Na chumvi hiyohiyo ikiwa kwenye chakula haileti madhara yale. Walipochunguza sehemu ya mrija wa mayai inayotengeneza ganda, waliona utendaji wa kimeng'enya cha kaboniki anhidrasi umepungua. Kimeng'enya hicho ndicho kinachogeuza kaboni dayoksaidi na maji kuwa bikaboneti, na katikati yake pamekaa zinki. Wakajaribu kuwapa kuku wa maji ya chumvi zinki iliyofungamanishwa na methionini, mojawapo ya asidi zinazojenga protini, na maganda mabovu yakapungua.

Ndiyo maana sikumcheka yule kijana. Kwa kuku wanaokunywa maji ya kisima kile, zinki ya ziada kwa kiasi kidogo ilikuwa na hoja. Alibisha mlango sahihi, ila alikuja na tingatinga. Hata hivyo, kubadilisha maji ni bora na ni rahisi kuliko kuongeza dawa ya kupambana na maji.

Tulichofanya

Cha kwanza kilikuwa kuondoa chakula chenye zinki, kilichobaki vihorini na kilichobaki guniani. Palizuka ubishi hapo, maana ni fedha. Jirani alikiomba awape mbuzi. Tulikataa: kondoo na mbuzi huvumilia zinki kidogo kuliko kuku. Wazo la kukichanganya na chakula kingine nalo halikusimama, kwani gunia moja lingehitaji zaidi ya magunia 140 ili lirudi kwenye kiwango cha kawaida. Kikafukiwa mbali na kisima. Mwalimu aliombwa pia asichinje kuku wa banda lile kwa wiki kadhaa, kwa kuwa ini na figo ndizo zinazokusanya zinki, na mayai machache ya mwisho yasiuzwe.

Banda la mbele hatukulilazimisha kurudi haraka. Kuku akishaanza kunyonyoka, kumsukuma na chakula cha kutagia ni kupoteza kalsiamu. Walipewa chakula cha kuku wanaokua, kwa wingi wa kuwashibisha, pamoja na dagaa waliosagwa, kwa sababu manyoya karibu yote ni protini na hutaka methionini. Taa ya jioni ikazimwa, wakabaki na saa 12 za mwanga wa jua la huku kwetu. Yalipoanza kuonekana manyoya mapya ya mbawa na vilemba kurudi kuwa vyekundu, chakula cha kutagia kikarejeshwa na taa ikawashwa tena mpaka mwanga ukafika jumla ya saa 16 kwa siku.

Banda la nyuma lilirudishiwa gramu 115, lakini kwa saa tofauti. Theluthi moja alfajiri kabla jua halijachoma, zilizobaki kuanzia saa kumi jioni, na mchana wa joto wakaachiwa maji tu. Huko nako ni kuzuia chakula, ukipenda kukuita hivyo, ila ni kuzuia saa, jumla haiguswi. Vihori viliongezwa. Jioni wakawekewa chombo pembeni chenye maganda ya chaza yaliyopondwa vipande vya ukubwa wa punje ya mchele. Ganda hujengwa kwa saa 20 hivi na sehemu kubwa ni usiku, kuku akiwa amelala na tumbo linaelekea kuwa tupu. Unga wa chokaa huwa umeshapita, vipande vikubwa hukaa kwenye firigisi vikayeyuka taratibu mpaka alfajiri. Tahadhari moja kwa watu wa mwambao: chokaa ya tanuri, ile ya matumbawe yaliyochomwa ya kujengea na kupaka kuta, si ya kulisha kuku. Inaunguza.

Maji yakawa ya mitungi hadi masika, yakiwekwa kivulini na kubadilishwa mchana. Gharama yake iliumiza. Kuku mia nne katika joto wanaweza kunywa zaidi ya lita 150 kwa siku, na Mwalimu alilalamika, kwa haki, kwamba kuku wanakunywa kuliko watu.

Zinki hatukuongeza hata chembe. Kwa anayejichanganyia chakula nyumbani bila premiksi, hasa kwa pumba nyingi za mahindi au ngano, habari ni tofauti, kwa sababu pumba zina faiteti inayoikamata zinki isinyonywe, na kalsiamu nyingi huukaza mshiko huo. Huyo anahitaji zinki. Lakini gramu 7 hazimwagwi guniani: huchanganywa kwanza na kilo moja ya unga, kilo hiyo na kilo kumi, kisha kumi hizo na gunia zima, na mizani iwe ya dukani kwa sonara au ya jikoni inayosoma gramu. Kopo halisomi gramu 7.

Yaliyofuata, na ubishi uliobaki

Banda la nyuma lilikuwa limeshuka hadi yai moja kwa kila kuku wawili. Maganda yalianza kupata nguvu ndani ya wiki mbili, kabla idadi haijapanda, na hilo naona ni kazi ya maji na chaza zaidi ya kitu kingine. Ndani ya wiki sita walikuwa wanataga karibu theluthi mbili.

Banda la mbele lilitoa yai la kwanza wiki ya tano. Kufikia wiki ya nane lilikuwa limevuka nusu, na maganda yake yalikuwa magumu kuliko ya banda la nyuma, mayai makubwa, rangi ya kahawia iliyokoza. Hapo tatizo jipya likazaliwa: majirani walewale waliosema kideri sasa wakataka wauziwe unga mweupe.

Faida ya kupumzisha kuku ni ya kweli. Mrija wa mayai husinyaa, mafuta yaliyojilimbika hutoka, na unapokua upya hufanya kazi kama wa kuku kijana kwa miezi kadhaa. Ila Mwalimu alilisha kuku mia mbili kwa zaidi ya mwezi bila yai, akakosa soko la Ramadhani, na kuku wakarudi kutaga Aprili, hoteli zikiwa zinafunga kwa sababu ya masika. Aliyepanga asingechagua tarehe hizo.

Kuhusu njia, zinki siiungi mkono: kipimo kinakosewa kirahisi, chakula kinachobaki ni hatari kwa wanyama wengine, na kila kinachotoka kwenye kinyesi kinaenda shambani na mboga. Kuwanyima chakula kabisa kwa siku kadhaa, ile njia ya zamani, nayo ina ubaya wake. Watafiti wa Marekani walionyesha miaka ya 1990 kwamba kuku walionyimwa chakula hushikwa na bakteria wa salmonela kirahisi na kuwasambaza kwa wingi zaidi, na sekta ya mayai ya huko ikaanza kuiacha njia hiyo miaka ya 2000. Kwetu Kenya, kumnyima mnyama chakula kunaingia kwenye Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Ipo njia iliyofanyiwa kazi Chuo Kikuu cha Illinois ya kuwaachia kuku pumba za ngano wale watakavyo, wakashiba bila kupata nguvu ya kutaga. Inakwenda polepole zaidi, na sakafu haigeuki uwanja wa njaa.

Kijana sasa anataka kulipumzisha banda la nyuma Mei kwa pumba, ili lirudi kwa msimu wa hoteli wa Julai na Agosti. Tarehe zake safari hii ni nzuri. Nimemwekea masharti mawili: wapimwe kwanza, na kama wastani haujafika kilo 1.9 aache, kwa sababu kuku aliyekonda hana cha kupumzisha. Na awe na maji ya mvua tangini kabla ya kuanza. Mwalimu yeye anasema bora auze banda lile zima kwa nyama na kuleta vifaranga. Bado wanabishana.